Maji ya Mtungi wa Wageni

Amu, 14 Januari 2024

Shangazi yangu Bi Mwanamkisi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa haraka, maana Uthman ameshawasha boti na ananitazama kwa jicho la kuudhika. Ningekupigia simu, lakini simu yako haishiki mpaka ushuke gatini, na ukishuka gatini mazungumzo yetu huwa ya kisiwa kizima cha Ndau.

Sanduku analokuletea lina chupa sita tupu. Ile kampuni inayochimba mawe huko kwenu inataka kufungua shimo la pili, karibu zaidi na kijiji. Ofisi ya mazingira haitoi kibali mpaka ijue kama shimo la kwanza limeyadhuru maji ya ardhini. Maabara yetu imepewa kazi ya kupima, na kisima kilichochaguliwa ni kile cha wakfu wa Mwana Shifa, unachokisimamia wewe.

Kwa kweli nilitakiwa nije nichote mwenyewe. Nimefika mpaka hapa Amu, lakini nimebanwa na vikao vya wakubwa ambavyo siwezi kuviacha. Fomu nimeshaijaza, kazi yako ni chupa tu. Teka maji kisimani asubuhi kabla watu hawajayatibua, jaza mpaka shingoni, funga. Usiweke kitu kingine ndani. Barafu ikipungua, waombe wavuvi.

Ni jambo dogo, Shangazi, lakini nakushukuru sana. Nikipata nafasi nitakuja kukuona.

Mwanao,
Zaki


Ndau, 16 Januari 2024

Mwanangu Zaki,

Wa alaykumu salaam. Mwandiko wako umezidi kuharibika, nikajua kweli umekuwa mtu wa ofisi. Lakini mtu anayefika Amu, safari ya asubuhi moja kutoka kwa shangazi yake, kisha akatuma chupa badala ya miguu yake, huyo nitamsema mpaka aje anizibe mdomo kwa zawadi.

Chupa zako ni hizi, zimejaa mpaka shingoni. Nimekutilia maji ambayo mgeni yeyote angekunywa akashukuru. Nilipokuwa nazifunga nilimkumbuka bibi yangu Mwana Shifa. Unajua alivyokiandikisha kisima kile, kwamba asinyimwe mtu wala mnyama, na kwamba msimamizi wake awe mwanamke wa ukoo wetu, maana alisema wanaume wangekijengea ukuta na mlango. Kabla ya kufa aliniambia nisimwaibishe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na neno lile sijalisahau.

Wachimba mawe si watu wabaya. Injinia wao, Bwana Kiptoo, hupita kwangu kunywa chai. Huvua viatu mlangoni bila kuambiwa na hujitahidi kusema kama sisi, tukacheka naye. Ameniuliza kama Mombasa watayapenda maji yetu. Nimemwambia hawajapata kuyaona kama haya.

Ndani ya kikapu kuna papa mkavu. Usimpe bosi wako wote.

Shangazi yako,
Mwanamkisi


Mombasa, 2 Februari 2024

Shangazi,

Matokeo yametoka. Maji ya kisima ni safi kabisa, hayana mafuta, chumvi yake ndogo mno. Ripoti imekwenda ofisini na kampuni imepata kibali chake.

Papa nimempata. Kazi ni nyingi, kwa hiyo nakomea hapa.

Zaki


Ndau, 20 Juni 2024

Mwanangu Zaki,

Barua yako ya Februari ilikuwa fupi kuliko orodha ya dukani. Nilinyamaza nikidhani una shughuli. Sasa nina haja na wewe.

Shimo la pili limekwenda chini mno. Walikata mawe kwa ile mashine ya msumeno, tabaka baada ya tabaka, mpaka mwezi uliopita maji yakachipuka miguuni mwao. Hawakusimama. Mashine inavuja, na oili chakavu wanaimwaga katika shimo la kwanza kwa kuwa hilo wameshamaliza nalo. Mawe ya kwetu unayajua, yamejaa matundu, na kinachomwagwa huku hutokea kule. Kisima kinanuka. Ukiiacha ndoo kivulini kidogo, juu yake panaelea zile rangi za mafuta.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu Hadi, anayesalisha hapa, aliteka maji ya udhu akayanusa, akayaonja, akayatema. Akasema mbele ya jamaa wote, "Mai haya si najisi, walakini si mai ya kutawadhia tena." Tangu siku hiyo msikiti unatumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika jabia lake, lile birika la nyuma, na mvua ya mwaka huu unajua ilivyokuwa. Wanawake waliokuwa wakija kisimani kila asubuhi wakaniamkia na kunitania, sasa wanapita ndia ya nyuma. Hawajanilaumu. Wananionea haya, na hilo linanichoma zaidi.

Obeid, mwenyekiti wa kijiji, alikwenda kwa Kiptoo kulalamika. Kiptoo akamtolea ripoti yenye sahihi yako. Akamwambia kuwa walichimba mwaka mzima, maji yakapimwa yakaonekana safi, maana yake mashimo hayana uhusiano na kisima. Kama kuna mafuta, basi ni ya wanakijiji wenyewe, ya injini za boti. Na anayetengeneza injini za boti hapa ni nani ila Uthman, tena kibanda chake kiko hatua hamsini kutoka kisimani. Sasa watu wameanza kumtazama Uthman.

Nataka kukuuliza mambo mawili. Maji yaliyokwisha kupimwa yanaweza kupimwa tena? Na yakipimwa tena, lazima watu waulize yale ya kwanza yalikuwaje?

Mwanamkisi


Mombasa, 3 Julai 2024

Kwa Bi Mwanamkisi,

Nimeipata barua yako ya tarehe 20 Juni.

Ripoti inaeleza hali ya maji siku yalipochotwa. Taratibu zote zilifuatwa. Anayetaka kupima upya aandike maombi kwa ofisi husika, na mimi siwezi kuingilia. Pia si sawa kuihukumu kampuni kabla ya kuangalia sababu nyingine. Injini za boti ni sababu inayowezekana kabisa. Pengine Uthman ashauriwe ahamishe kibanda.

Tafadhali usiwaonyeshe watu barua zangu.

Zaki


Ndau, 11 Julai 2024

Zaki,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta mtoto niliyemlea baada ya mama yake kufa, sikumpata. Nimemkuta karani. Lakini leo sina uso wa kumgombeza mtu, kwa hivyo nitasema langu.

Juzi Uthman alikuja kwangu. Watu wamemtaka afunge kibanda. Mkewe ameambiwa neno kwenye mazishi ya mzee mmoja, mbele ya wanawake, kuwa mumewe ndiye aliyewatilia sumu watoto wao. Alikaa pale barazani akaweka mkono juu ya msahafu wangu akaniapia kuwa hajapata kumwaga hata kikombe cha oili ardhini, yote huijaza mitungini akaiuza Kizingitini kwa watu wanaopaka mbao. Mimi nikamwambia namsadiki. Aliniomba radhi kwa kunisumbua. Ameniomba radhi mimi, Zaki. Alipoondoka nikaingia ndani nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Maji uliyoyapima si ya kisima.

Asubuhi ile nilikwenda kuteka kama ulivyosema. Nilishusha ndoo, nikaipandisha, nikasikia harufu. Ilikuwa ndogo, kama mkono wa mtu aliyeshika taa ya mafuta akaosha kwa sabuni, lakini ilikuwapo. Nilikuwa nimeisikia na siku za nyuma nikajidanganya kuwa ni kamba ya ndoo. Nilisimama na chupa yako mkononi. Nikafikiria watu wa Mombasa wenye makoti meupe wakifungua chupa yenye jina la Mwana Shifa na kukunja pua. Nikafikiria wakikuuliza, huko ndiko kwenu? Tangu nizaliwe sijapata kumpa mgeni maji ambayo mimi mwenyewe nayashuku. Mkono ulikataa, wallahi.

Nikarudi nyumbani. Nikazijaza chupa zako kutoka katika mtungi wa wageni, maji ya mvua ya jabia langu. Nikafunga nikampa Uthman, naye akayabeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai. Yeye ndiye aliyeubeba uongo wangu mpaka Amu, na leo unamwangukia yeye. Barua hii pia ameibeba yeye, na hajui kilichomo.

Nilidhani nakilindia kisima heshima yake. Lau ningeiacha ile harufu ifike kwenu, shimo la pili lisingechimbwa. Kisima cha bibi yangu nimekiharibu kwa kukionea haya.

Tarehe 5 Agosti maofisa wanakuja hapa kusikiliza kama mashimo yafungwe au yaendelee. Wataisoma ripoti yako. Nifanye nini? Kila nikifikiria kusimama mbele ya Ndau nzima na kusema haya, naahirisha mpaka kesho. Mwanamke niliyekuwa nawafundisha wari namna ya kupokea wageni. Niambie unavyoona, lakini usiniandikie tena kama karani.

Shangazi yako, kama bado unaniita hivyo,
Mwanamkisi


Mombasa, 19 Julai 2024

Shangazi yangu,

Nilijua.

Nilipofungua chupa ya kwanza maabara, kabla sijaimimina, ilinijia harufu ya ubani. Ni wewe tu ninayemjua ambaye bado anaufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuutia maji, na unaofukizwa ni ule wa wageni. Ya kisimani hayajapata kuona ubani. Nimeyanywa maji hayo utotoni kila nilipougua, nikifanywa mgeni kwa siku moja. Nilisimama pale na chupa nikijua kabisa nimeshika nini.

Ningeweza kuimwaga na kurudi Ndau. Lakini kusema kuwa maji si ya kisima ni kusema kuwa sikuyachota, na kwenye fomu, pale palipoandikwa aliyechota, nilikuwa nimeshatia jina langu na sahihi. Kwa hiyo nikapima maji ya mvua, nikaandika kisima.

Na vikao vya Amu havikuwapo. Ilikuwa harusi ya Zein, rafiki yangu wa shule. Wewe ukipigana na nafsi yako kisimani, mimi nilikuwa mtaa wa Langoni nakula biriani. Hata hilo si lote. Sikutaka kuja kwako kwa sababu sijafika tangu maziko ya baba, miaka minne, na kila mwaka unaopita haya inazidi, nikaona afadhali nitume sanduku.

Barua yako ya Juni nilidhani umeshanigundua na unanitega. Ndiyo maana nikakujibu vile. Kuhusu Uthman, niliandika nikijua ni uongo. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Nimeamua. Nitaiandikia ofisi ya mazingira kuwa ripoti si sahihi na waiondoe. Nitasema sikuchota maji kisimani na kosa ni langu. Jina lako halitatajwa. Nakuomba, siku ya mkutano kaa kimya, umri wako na heshima yako si vya kuchezewa na watu. Mimi ndimi mwenye leseni, na mimi ndimi niliyesaini. Niache nilibebe.

Nisamehe.

Zaki


Ndau, 7 Agosti 2024

Mwanangu Zaki,

Sikukaa kimya. Ngoja nikusimulie, maana utasikia kwa watu na watu wataongeza chumvi.

Mkutano ulikuwa uwanja wa skuli. Maofisa watatu, Kiptoo na wenzake wa kampuni, wanaume mbele, sisi wanawake ubavuni. Uthman alikaa peke yake mwisho kabisa, pande zote mbili za kiti chake wazi.

Barua yako ilisomwa. Ulisema kweli na ulijifunika nayo mwenyewe, Mungu akulipe. Lakini hukuijua Ndau. Barua ilipokwisha tu, mtu mmoja akasema kuwa kijana huyu bila shaka alinunuliwa. Mwingine akasema kumbe ndiyo maana haji kwao. Wakili wa kampuni naye akasimama, akasema kama mpimaji hakuchota maji basi nani ajuaye yalitoka wapi, pengine yalikuwa ya kisima hikihiki, na ripoti ni ya kweli bado. Afisa mkubwa akatikisa kichwa kama aliyekubaliana naye. Nikaona kuwa kimya changu kitakuvua wewe nguo, kitamfunga Uthman, na shimo litaendelea vilevile.

Nilisimama. Sikumbuki nilivyosimama. Obeid alinipa nafasi, nami nikasema hivi, neno kwa neno, maana nimelirudia kichwani siku mbili: "Mai yaliyokwenda Mombasa si ya kisima. Ni ya mtungi wa kwangu wa wageni. Ndimi niliyeyatia. Kisima kilikuwa kishaanza kunuka mwezi wa Januari, shimo likiwa moya tu, nami nikaona haya."

Mwezi wa Januari kibanda cha Uthman hakikuwapo, Zaki. Alikijenga baada ya Idi. Kila mtu pale alilijua hilo, ila hakuna aliyekuwa amesema kuwa harufu ilikitangulia. Nikamgeukia Uthman nikamwomba radhi mbele ya waliomtukana. Alitazama chini tu, na mimi sikustahiki zaidi ya hapo.

Nilingoja wanicheke. Kisha Bi Mahfudha, yule niliyegombana naye miaka sita kwa sababu ya mpaka wa ua, akasema kutoka alipokaa, bila kuinuka: "Na ungempa mgeni mai ya kunuka? Hata mimi singempa." Wanawake wakaitikia. Hapo ikadhihirika kuwa wengine walikuwa wameisikia harufu ile ile mwezi ule ule, na kila mmoja aliinamisha ndoo yake akanyamaza, asije akakiaibisha kisima cha wakfu. Maofisa waliandika majina yao kumi na mmoja.

Kiptoo alikuwa amejiinamia. Baadaye alikuja akavua viatu mlangoni, akasema alijua kuhusu ile oili, ila aliambiwa asubiri lori la kuibeba, na lori halikuja. Sikumpa chai. Sasa najuta kidogo.

Mashimo yamesimamishwa. La kwanza watalizoa mawe yote yaliyolowa oili na la pili watalijaza. Maofisa walichota maji wenyewe, mbele yetu, wakayatia muhuri. Lakini afisa alisema wazi kuwa kisima kitachukua miaka kusafika, na huenda chumvi ya bahari iliyopenya kwa shimo la pili isitoke. Nimekifunika kwa mbao. Siku hizi tunaletewa maji kwa boti kutoka Kizingitini, na anayeyaleta ni Uthman. Hunisalimia. Hajakaa barazani kwangu tena.

Heshima yangu sijui iko wapi. Lakini nalala.

Mwanamkisi


Mombasa, 29 Agosti 2024

Shangazi,

Nimeachishwa kazi tangu Jumatatu, na leseni yangu imezuiliwa mpaka uchunguzi uishe. Sikushangaa, nami silalamiki.

Sina pa kwenda ambako sitaulizwa, na kwenu ndiko nitakakoulizwa zaidi. Hata hivyo nataka kuja. Naweza kusaidia kuzoa yale mawe, na najua namna ya kupima kisima kila mwezi hata bila makaratasi ya mtu. Ila nikifikiria kushuka kwenye boti ya Uthman, kisha kupita gatini mpaka mlangoni kwako huku wananitazama, natamani boti ifike usiku. Na nitawezaje kukaa kwako ninywe maji yenu ya kuletwa, nikijua kwa nini yanaletwa?

Ukisema nisije, nitaelewa.

Zaki


Ndau, 4 Septemba 2024

Zaki,

Njoo na boti ya Uthman ya Jumamosi. Nimemwambia. Aliuliza tu kama una mizigo mingi. Shika hilo, usitake zaidi kwa sasa. Gatini watakutazama, nawe watazame uwaamkie mmoja mmoja, wakubwa kwanza. Mimi napita hapo kila siku na sijafa.

Usilete zawadi. Lete viatu vya kazi, na zile chupa zako sita kama bado unazo. Kisima tutakifunua pamoja kila mwisho wa mwezi, utateka kwa mkono wako, na chochote kitakachopanda na ndoo ndicho tutakachokiandika.

Mtungi wa wageni nimeumwaga na kuufunika kifudifudi, umekauka. Hautakuhusu. Mimi na wewe tuliharibikiwa siku nilipokujazia chupa kutoka humo, nikakufanya mgeni. Utakunywa tunachokunywa.

Shangazi yako,
Mwanamkisi